Ubao Hauna Hatia

Upo uongo unaoingia nyumbani usiku kwa dirishani, na upo unaoingia mchana kwa mlango wa mbele, umevaa shati safi na kushika kalamu. Huu wa pili ndio wa hatari zaidi, kwa sababu hukaribishwa, hupewa kiti, na pengine hupikiwa chai. Ule ninaotaka kuujadili katika kurasa hizi chache ni huu: kwamba kibao cha mti jikoni ni uchafu, na kibao cha plastiki ni usafi.

Huenda msomaji wangu akacheka. Mzee wa miaka sabini na kitu, mwalimu mkuu mstaafu, anakaa chini kuandika habari za kibao cha kukatia vitunguu! Naomba asicheke upesi. Katika miaka yangu ya ualimu niliona madawati mengi yakikaa matupu kwa sababu ya matumbo ya kuhara. Mwanzoni mwa mwaka 2024 kipindupindu kilizuka tena katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, na Mkoa wetu wa Simiyu haukusalimika. Jambo lolote linalogusa njia kati ya kisu cha mama na tumbo la mtoto si jambo dogo. Na mtu anayewafundisha watu kuogopa kitu kisicho na kosa, huwafundisha papo hapo kukiacha chenye kosa kiende zake.

Ninaishi Kiloleli. Mwaka juzi walifika hapa vijana kuendesha semina ya lishe na usafi kwa kina mama. Sitawataja, wala shirika lao, maana shabaha yangu ni fundisho lao. Mambo mengi waliyosema yalikuwa mazuri. Lakini walipofika kwenye vyombo vya jikoni wakasema, “Tupeni vibao vya mbao, vimejaa vijidudu. Tumieni vya plastiki.” Jirani yangu mmoja alirudi nyumbani akakitia mafigani kibao cha mkwaju alichokitumia zaidi ya miaka kumi. Nilipomuuliza alinijibu, “Mwalimu, wataalamu wamesema.” Kisha akanunua gulioni kibao chembamba cha plastiki, cheupe kama karatasi. Leo hii kimechanwachanwa na kisu, kimegeuka rangi kama jino la mvuta tumbaku, na bado kinaitwa kisafi kwa kuwa ni cha plastiki.

Hebu tuwaulize wataalamu wenyewe, maana sayansi haiogopi kuulizwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mtaalamu wa vijidudu vya chakula aitwaye Dean Cliver, pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Marekani, walianza kuvipima vibao. Nia yao haikuwa kuutetea mti. Wakati ule wenye mamlaka ya afya waliamini kwamba plastiki ni bora, na wao walitaka kutafuta njia ya kuusafisha ubao ili uifikie plastiki. Walichukua vibao vya miti mbalimbali na vya plastiki, wakavipaka bakteria waletao maradhi ya tumbo, Salmonella wakiwemo. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1994, yaliwashangaza wao wenyewe. Juu ya ubao, bakteria walinyonywa pamoja na unyevu wakaingia ndani ya nyuzi za mti. Baada ya muda hawakupatikana tena usoni, wala hawakuzaana humo, bali walikufa kadiri mti ulivyokauka. Plastiki mpya ilisafishika kwa urahisi. Lakini plastiki iliyokwisha kukwaruzwa na kisu iliwahifadhi bakteria ndani ya mikwaruzo, na kuiosha kwa mkono kukawa kazi ngumu, hasa ilipokuwa na mafuta ya kuku.

Sitaki kumdanganya msomaji. Ubao si dawa, na watafiti waliofuata hawakukubaliana na Cliver katika kila jambo. Lakini ni dhahiri kwamba ile hukumu ya “mbao chafu, plastiki safi” haikutoka maabara. Hata kanuni za mfano za chakula za huko huko Marekani, zinazoongoza mahoteli, huruhusu vibao vya miti migumu yenye nyuzi zilizoshikana. Na huko Thailand, watu wanaojua kupika kuliko wengi wetu, kibao cha jadi cha jikoni ni kipande kinene cha mviringo cha gogo la mkwaju. Mti ule ule ambao jirani yangu aliutia motoni.

Tena plastiki ina deni lake ambalo halitajwi kwenye semina. Kila kisu kinapopita juu yake hukwangua chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, zikaingia kwenye mchicha na nyama. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Dakota, Marekani, walizipima chembe hizo na kutangaza matokeo mwaka 2023. Madhara yake mwilini bado yanachunguzwa, nami sitamtisha mtu kwa jambo ambalo halijathibitishwa. Nauliza tu: tarehe 1 Juni 2019 nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, tukashangilia kuona mitaro na malisho ya ng’ombe yakipata nafuu. Je, ni busara kuifukuza plastiki sokoni halafu kuikaribisha jikoni, tena chini ya kisu?

Nafahamu nitakavyojibiwa. Nitaambiwa: “Mwalimu, mbona serikali yenyewe imewakataza wenye mabucha kutumia magogo na mashoka?” Ni kweli. Tangu ilipotungwa Sheria ya Nyama ya mwaka 2006 na kuundwa Bodi ya Nyama, wenye mabucha wamehimizwa kuacha gogo na shoka na kutumia misumeno ya kukatia nyama. Nami naunga mkono jambo hilo kwa mikono miwili. Lakini tutazame sababu. Gogo la bucha hupigwa shoka kutwa nzima hadi uso wake unakuwa kama ufagio. Damu ya leo huingia juu ya damu ya jana. Ni zito mno, halioshwi likasimamishwa likauke, na usiku mbwa huja kulilamba. Vipande vya mti na vya mifupa huingia pamoja kwenye kilo ya mteja. Kosa la gogo lile ni kwamba halioshwi wala halikauki. Kibao cha nyumbani chaoshwa, chainuliwa kwa mkono mmoja, chakaushwa. Kukihukumu kwa kosa la gogo ni sawa na kumchapa mwanafunzi wa darasa la kwanza kwa sababu kaka yake wa darasa la saba alitoroka.

Sasa adui hasa ni nani? Adui ni maji yanayolala, na mkono unaochanganya. Mama ananunua robo ya nyama, anaikata juu ya kibao, anakipangusa kwa kitambaa kile kile cha tangu asubuhi, kisha juu ya kibao hicho anakata nyanya na vitunguu vya kachumbari. Nyama itachemka, na moto utaua kila kilichomo. Kachumbari haitachemka. Italiwa mbichi, na mtoto ndiye atakayeugua usiku. Hapo iwe mbao, iwe plastiki, iwe marumaru ya ikulu, ugonjwa utapita. Shirika la Afya Duniani katika Funguo Tano za Chakula Salama limeweka jambo hili mapema: la kwanza ni usafi, la pili ni kutenganisha vibichi na vilivyopikwa. Halikusema nenda dukani.

Mimi nilitoka Chuo cha Ualimu Butimba nikiwa kijana, na mwaka 1973 nikajikuta nikisimamia kikundi cha wasikilizaji wa redio katika kampeni ya Mtu ni Afya. Wasomaji wa rika langu wanaikumbuka. Watu wapatao milioni mbili nchini kote walikaa chini ya miti wakiizunguka redio, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakainuka kwenda kufanya: kuchimba vyoo, kufyeka majani, kufukia madimbwi, kutengeneza vichanja vya vyombo. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Sikumbuki katika kampeni hizo kuambiwa tuwauzie watu kitu. Tuliambiwa tuwafundishe kazi. Kichanja kilijengwa kwa miti na kamba, bila senti, na jua likafanya kazi iliyobaki. Huo ndio usafi ninaoujua mimi: ni kazi ya kila siku, haununuliwi ukamalizika. Anayekuuzia usafi ndani ya mfuko anakuuzia usingizi.

Nisije nikalaumiwa kwa kupinga bila kuelekeza, nitaeleza jinsi ya kuchagua kibao na jinsi ya kukitunza, kama nilivyozoea kuandika ubaoni: hatua kwa hatua.

Kwanza, mti wenyewe. Chagua mti mgumu wenye nyuzi zilizoshikana. Jaribio ni rahisi: bonyeza ukucha kwa nguvu, ukiacha alama ya kina, mti huo ni laini na kisu kitaumaliza. Msonobari, ambao umejaa madukani kwa bei nafuu, ni laini na una utomvu. Uacheni kwenye dari. Mkaratusi ni mgumu, lakini hupenda kujikunja na kupasuka unapokauka. Mninga ni mzuri, ila siku hizi bei yake ni ya kitanda cha arusi. Mkurungu una rangi nyekundu inayotoka ukilowa. Kwa huku kwetu namsifu mkwaju, mti utupao ukwaju, yaani bushishi, wa kutia kwenye uji na matobolwa: ule moyo wake wa ndani ni mgumu na mzito, wakati sehemu nyeupe ya nje huliwa na wadudu, basi mwambie fundi aiondoe. Mwembe nao wafaa sana, si mgumu kama mkwaju lakini hauchoshi kisu, na mara nyingi hupatikana bila kukata kitu, kwa kuwa miembe mizee huanguka kila mwaka. Minyaa usiiguse kabisa. Utomvu wake unaweza kupofusha jicho.

Pili, ukavu wake. Ubao mbichi utapasuka au kujikunja kama kiatu kilichoanikwa. Mbao zipangwe kivulini kwa miezi mingi, zikitenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite katikati. Tazama kichwa cha ubao: ukiona kile kiini cha katikati kabisa ya mti, ukatae, ndipo ufa utakapoanzia. Chukua kipande kimoja kisichoungwa, maana gundi ya kawaida ya mafundi wetu huachia ikilowa mara kwa mara. Unene wa inchi moja na nusu hivi na urefu wa futi moja vyatosha kwa nyumba. Apige randa, kisha msasa, kingo azivunje makali.

Tatu, na hili naomba lisomwe mara mbili: uliza ubao ulipakwa nini. Mafundi wengi huzipaka mbao oili chafu ya gari ili mchwa wasizile. Kwa nguzo za zizi ni sawa, kwa chakula ni sumu. Mbao zilizotiwa dawa kiwandani, zile zenye rangi ya kijani kijani, aghalabu zina madini ya sumu ndani yake. Hazifai jikoni hata kwa kuni. Vanishi na rangi nazo hukwanguka na kuingia kwenye mboga. Kibao cha kukatia kitoke kwa fundi kikiwa kitupu, kikinuka mti na si kitu kingine. Fundi akikwambia, “Shikamoo Mwalimu, nimekipaka kidogo tu king’ae,” mwitikie marahaba, kisha umrudishie kibao chake.

Nne, kukilisha. Ubao mkavu hunywa chochote, basi unyweshe wewe kabla haujanywa damu. Mafuta ya kupikia, yawe ya pamba au ya alizeti, huchacha ndani ya mti yakaleta harufu. Yafaa yale mafuta meupe ya parafini yauzwayo maduka ya dawa kwa ajili ya kulainisha choo, yasiyo na rangi wala harufu. Tafadhali msiyachanganye na mafuta ya taa! Ukiweza kupata nta safi ya nyuki, chukua sehemu moja ya nta kwa sehemu nne za mafuta hayo, uyeyushe kwa kuweka chombo ndani ya sufuria ya maji ya moto, mbali na ndimi za moto. Paka pande zote mbili na vichwa vyote, acha usiku kucha, asubuhi pangusa. Kipya kipakwe mara tatu au nne. Baadaye mara moja kwa mwezi, na zaidi wakati wa kiangazi chetu, ambapo upepo mkavu hupasua hata midomo ya watu.

Tano, kukiosha. Mara tu baada ya kutumia, paruza kwa kisu, osha kwa maji ya moto na sabuni pande zote mbili, hata kama umetumia upande mmoja. Ukilowesha upande mmoja tu kitajikunja. Usikilaze kwenye karai la maji. Kisimamishe kwa ubavu kwenye kichanja, hewa ipite kote; jua la asubuhi ni zuri, la saa saba mchana huku kwetu litakipasua. Kisilale kifudifudi juu ya meza yenye maji, hasa wakati wa masika, kitaota ukungu. Kikishika harufu ya samaki, na sisi wa karibu na ziwa sato na dagaa ni ndugu zetu, sugua kwa chumvi na nusu ya limao.

Sita, viwe viwili. Kimoja cha nyama, kuku na samaki. Kingine cha mboga, matunda na kila kiliwacho kibichi. Chora alama kwa msumari wa moto, ng’ombe huku, jani kule, ili hata asiyejua kusoma asikosee. Kama nyumba ina uwezo wa kibao kimoja tu, basi kachumbari ikatwe kwanza na nyama baadaye, wala mpangilio huo usigeuzwe kamwe. Na wale wasiotumia kibao chochote, wanaokatia kiganjani, waendelee kwa mchicha. Lakini nimeona wakati wa viazi vitamu, magunia yakikatwa michembe mkononi, vidole vingi vikifungwa vitambaa. Kibao kingewasaidia.

Saba, ujue mwisho wake. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mikwaruzo ikizidi, fundi akipige randa upya. Hii ndiyo heshima ambayo plastiki haina, kwani plastiki iliyochakaa hairudi kuwa mpya, na ikichomwa hutoa moshi mbaya. Ufa ukizama hata maji yakajificha ndani, kibao hicho kimestaafu. Hapo kitie mafigani bila majuto.

Hoja moja ya mwisho niijibu, kwa kuwa ni ya watu wenye nia njema. Watasema: Usukumani miti ilikwisha, na wewe wahimiza mbao? Nami nakumbuka miti ilivyokwisha. Nakumbuka pia programu ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, iliyoanza mwaka 1986 wakati Bariadi ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga, nikaona ngitili zikirudi na vichaka vikisimama tena palipokuwa vumbi. Lakini ngitili haimalizwi na kibao cha futi moja kinachodumu miaka kumi. Humalizwa na mkaa wa kila siku. Kinyume chake, mtu anayejua kwamba mwembe wake uliozeeka una vibao ishirini ndani yake, hataupasua wote kuni. Mti ukiwa na kazi nyingi huwa na walinzi wengi, na seremala wa kijijini naye hupata karo ya mtoto.

Basi neno langu kwa walimu walioko kazini, kwa maofisa wa afya, na kwa wazazi. Kabla hamjamwambia mama akitupe chombo chake, mwulizeni kwanza anakioshaje, anakikausha wapi, na alikata nini juu yake kabla ya kachumbari. Mfundisheni hayo matatu, mfundisheni na mumewe, na watoto wa kiume pia wajifunze shuleni kuosha na kusimamisha kibao, kama tulivyowafundisha zamani katika kazi za mikono. Mkifanya hivyo, atakuwa salama na kibao chochote atakachokishika. Msipofanya hivyo, mtamwachia chombo kipya na ugonjwa ule ule.